Krismasi Tuliyoazimana Waumini

Vijana wangu mnaoingia kazi hii ya uchungaji, nawapa neno moja kabla ya mengine yote: usimwalike askofu siku ya Krismasi kabla hujawauliza waumini wako watakuwa wapi siku hiyo. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, kola mpya shingoni, na nilijua kila kitu.

Mniwie radhi nikianzia kwetu. Nililelewa kijijini huko Magharibi, na kanisa letu halikujaa siku yoyote kama lilivyojaa Krismasi. Watu walikaa hadi madirishani. Wazee waliokuwa wamesahau njia ya kanisani tangu Pasaka walifika wamejipaka mafuta mpaka magotini. Safu za mbele zilikaliwa na watu wenye suti, viatu vinavyolia na redio mkononi, ambao sisi tuliwaita watu wa Nairobi. Nikakua nikiamini kwamba Krismasi hujaza kanisa popote duniani. Sikuwahi kujiuliza, ikiwa watu wa Nairobi wote wako kwetu, huko walikotoka amebaki nani.

Jibu nilikuja kulipata Makadara, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Nilipewa tawi dogo lililosali katika ukumbi wa mtaa, hatua chache kutoka Jogoo Road. Jumamosi ukumbi ulikuwa wa vijana wa ndondi, Jumapili ulikuwa wetu, na mimbari yangu ilisimama juu ya jukwaa lile lile walilopigania. Kazi ya kwanza kila Jumapili ilikuwa kuokota pamba zenye damu. Siku moja tuliokota jino, na mwenyewe akaja kuliulizia katikati ya mahubiri. Nikamrudishia, nikaendelea na Warumi.

Sasa, askofu aliniandikia barua. Alitaka kuja kutukagua. Akikuta watu, tutafanywa parishi kamili na atatuombea kiwanja chetu wenyewe. Asipokuta watu, tawi litafungwa na sisi sote turudi kanisa mama, lile kubwa la mawe lililokuwa ng'ambo ya barabara. Siku ya ukaguzi aliniachia mimi nichague. Basi mimi, mtoto wa Magharibi, nikachagua Krismasi! Nikaandika jibu siku hiyo hiyo, nikaramba bahasha, nikaipeleka posta nikipiga mluzi.

Mtu wa kwanza kumpa habari hizo njema alikuwa Mama Nduku. Huyu ndiye aliyekuwa akifagia ukumbi, kupanga viti na kunikumbusha majina ya wagonjwa. Alinisikiliza akiwa ameshika ufagio. Kisha akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

"Krismasi, Mchungaji?"

"Krismasi, Mama."

"Ya hapa Nairobi?"

"Ndiyo. Kwani kuna nini?"

"Woi! Mchungaji, siku hiyo hapa hata panya huwa amepanda basi."

Nikadhani ananitania. Lakini kicheko kilimwisha upesi, akabaki akiangalia ule ufagio. Aliniambia jambo ambalo sikulijua. Mumewe alipofariki, shemeji zake kule Ukambani walimwambia shamba si lake, kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kiume. Nduku, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Mombasa, na mtu haendi kukaa kwa mkwe. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga na kanisa hili la ukumbini, basi.

"Wewe kanisa likifungwa utapewa lingine," akasema. "Mimi kule ng'ambo nitakalia kiti cha nyuma, na hakuna atakayejua jina langu. Hapa nikikosa Jumapili moja, jioni mlango wangu unagongwa. Nani atanigongea mlango kule?"

Mpaka saa ile ukaguzi wa askofu kwangu ulikuwa jambo la cheo.

Mtaniuliza, kwa nini hukubadilisha siku? Ninyi mna simu mifukoni, mnatuma ujumbe, askofu anajibu kabla chai haijapoa. Wakati ule yeye alikuwa ameshaanza ziara ya Pwani na angerudi mkesha wa Krismasi. Nilimwandikia barua ya pili ikamfuata kila alikokwenda bila kumkuta. Aliipokea Januari.

Ikabaki njia moja tu, kuwazuia watu wasisafiri. Jumapili iliyotangulia Krismasi nilihubiri mahubiri makali kuliko yote ya maisha yangu. Nilisema juu ya watu wanaomwacha Mtoto horini na kukimbilia kuku wa kijijini. Nilipiga mimbari mpaka jukwaa la ndondi likatoa vumbi. Na Amina nilizoitikiwa! Bwana Mutiso, karani wa Viwandani na mwalimu wetu wa kwaya, alisimama na kutokwa na machozi. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba vita vimekwisha.

Kesho yake nilikwenda kituo cha mabasi ya mashambani. Mabasi yalikuwa yamejaa magodoro, masufuria na mabati mpaka juu. Juu ya basi la Machakos nikaona mtu amejikunja nyuma ya godoro, na ile shingo nikaitambua.

"Bwana Mutiso!"

Akachomoza kichwa polepole. "Mchungaji! Bwana asifiwe! Mimi nawasindikiza tu hawa."

"Na godoro?"

"Hata godoro nalisindikiza, Mchungaji."

Nikainua macho kwenye madirisha ya basi. Sauti ya kwanza, ya pili, besi, wote walikuwamo, kwaya nzima. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza, mzaliwa wa Eastlands asiye na haya hata kidogo, akatoa kichwa nje. "Pasta, si unajua Krisi ni ya ocha, kule mashambani! Januari tutakuimbia mpaka uchoke, bana!"

Nilitaka kuwakemea, lakini sikuwa na mdomo wa kukemea. Kwani mimi mwenyewe nilikuwa nimefuata nini pale kituoni? Mkono wa kulia nilishika sanduku la mke wangu, mkono wa kushoto mtoto wa mwisho. Nilikuwa nimewapeleka wapande basi la Magharibi. Mama yangu aliwangoja, na mama yangu si mtu wa kuandikiwa kwamba wajukuu hawaji. Bwana Mutiso akalitazama lile sanduku, akanitazama mimi, akarudi taratibu nyuma ya godoro lake.

Chukueni hili bure: usishindane kamwe na nyanya wa mtu. Hubiri juu ya dhambi yoyote, watu watatubu, lakini ukiwaambia wasiende kwa mama zao mwezi wa Desemba watakuitikia Amina na kukata tikiti.

Mkesha wa Krismasi mchana nilizunguka mtaa mzima nikigonga milango. Kufuli, kufuli, kufuli. Nilipata waumini tisa. Nilikuwa narudi nimeinamisha kichwa nilipokutana na Mzee Yona, kiongozi wa lile kanisa la kanzu nyeupe na vilemba lililosali kwenye banda la mabati nyuma ya soko. Tulikuwa majirani wa salamu tu. Kusema kweli, ngoma zao zilikuwa zimenivurugia mahubiri zaidi ya mara moja na nilikuwa nimemnunia. Lakini siku hiyo naye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ndugu Mchungaji," akasema, "wazee wangu wa makao makuu wanakuja kesho saa sita. Sina watu."

"Umebaki na wangapi?"

"Kumi na wawili, na mmoja anakohoa."

"Huyo wa kukohoa anaimba?"

"Besi."

Tuliangaliana. Sijui ni nani kati yetu aliyeanza kucheka, lakini tulicheka pale njiani mpaka mwuza mandazi akatuuliza kama tumelewa. Tukapatana hapo hapo. Saa nne watu wake waje kwangu, saa sita watu wangu waende kwake. Masharti yake yalikuwa matatu. Vilemba havivuliwi. Ngoma huenda waendako. Na watu wangu wakifika kwake wavue viatu mlangoni, kwani kwao hakuna kusali na viatu. Mimi sikuwa na masharti, nilikuwa na shida.

Mama Nduku alipopata habari hakungoja nimalize. Asubuhi ya Krismasi, kabla jua halijachomoza vizuri, alikuwa ameshafika Viwandani, akipita lango kwa lango akiwakamata masoja waliokuwa wanatoka zamu ya kulinda viwanda. "Njoo kanisani, kuna chai ya maziwa," ndiyo iliyokuwa injili yake. Akawaleta saba, wamevaa makabuti na kushika marungu, wakiongozwa na mmoja aitwaye Wekesa, mkazi wa Mukuru kwa Reuben, mtu mrefu mpaka mlango wa ukumbi ulimsumbua. Njiani akazoa na wauguzi wawili na dereva mmoja wa basi la jiji.

Saa nne kasorobo askofu akaingia. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye macho madogo yasiyopitwa na kitu. Akautazama upande wa kulia, ulikuwa umejaa kanzu nyeupe.

"Na hawa weupe?"

Ndugu zangu, ulimi hauna mfupa. "Kwaya, Baba Askofu," nikasema.

"Kwaya kubwa," akasema, akaketi.

Nilitaka ardhi inimeze, na ibada ilikuwa haijaanza. Askofu akaomba kwaya iimbe ule wimbo wa kitabuni anaoupenda, wa taratibu, wa kuimbwa umeshika mikono nyuma. Watu wa Mzee Yona hawakuwahi kuusikia, lakini hawakukataa. Walisikiliza ubeti wa kwanza kutoka kwangu. Kwenye ubeti wa pili ngoma ikaingia. Kufikia wa tatu walikuwa wanaruka juu, jukwaa la ndondi linaitikia, yule wa kukohoa ananguruma besi ya kutikisa madirisha, na wauguzi wawili wamevua kofia zao nyeupe wanazipunga. Nikamtazama askofu kwa jicho la pembeni. Mguu wake mmoja ulikuwa unapiga sakafu.

Kisha akafanya kosa ambalo angelifanya mgeni yeyote. Alisema, "Tufumbe macho, tuombe."

Nawasihi, mtakapotumwa mitaa ya wafanyakazi wa zamu, msimwambie soja afumbe macho. Mtu amekesha usiku kucha kwenye baridi, ameketi, ana kabuti, tumbo lina chai ya moto. Ukimfumbisha macho umemlaza. Mimi nilijifunza siku hiyo, na tangu hapo kwangu tuliomba wima, macho wazi, mikono juu, na mahubiri hayakupita dakika kumi na mbili. Lakini askofu alikuwa mwombaji mrefu. Alianza na uumbaji. Alipofika kwa manabii nilisikia rungu la kwanza likianguka sakafuni. Alipofika Bethlehemu, safu nzima ya makabuti ilikuwa imelaliana, na mmoja alikoroma kwa sauti mbili, ya kupanda na ya kushuka. Askofu aliposema Amina, Wekesa akaruka wima bado usingizini, akapaza sauti: "Nani hapo? Simama!"

Mzee Yona alinishika mkono nisianguke kwa kicheko. Askofu hakucheka, aliandika kitu kwenye kijitabu chake.

Nilifikiri atakunywa chai na kwenda zake. Akanywa kikombe kimoja, akaomba cha pili, akakaa vizuri kitini. Saa sita ilikuwa inakaribia. Watu wa kanzu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Kisha masoja. Kisha wauguzi, dereva, na waumini wangu tisa nyuma yao, wengine na mandazi mdomoni, wote wakienda upande mmoja kwa mwendo wa haraka.

"Mchungaji, watu wako wanakwenda wapi?"

Nikasema wanakwenda kutembelea majirani. Hilo, angalau, halikuwa uongo.

"Basi twende nasi," akasema, akachukua fimbo yake.

Tulipofika kwenye banda la mabati, mlangoni kulikuwa na rundo la viatu. Mabuti ya masoja, raba za wauguzi, viatu vya dereva vilivyosuguliwa. Ndani, wale wale askofu aliowakagua kwangu saa nne walikuwa wamepangwa upya mbele ya wazee wa makao makuu, na Wekesa alikuwa amesimama mstari wa mbele, kidole gumba kimetokeza kwenye soksi. Askofu akainama, akavua viatu, akaingia, akamwendea moja kwa moja.

"Kijana, wewe ni mwumini wa kanisa lipi?"

Wekesa akasimama kisoja. "Lipi, Baba Askofu? La saa nne au la saa sita?"

Nilijua nimekwisha. Nilimwomba askofu tutoke nje, na pale kando ya rundo la viatu, jua la mchana likituchoma utosini, nikakiri yote. Kwamba wangu walikuwa tisa. Kwamba ile haikuwa kwaya. Kwamba nilichagua Krismasi kwa ujinga wa kijijini kisha nikaufunika ujinga kwa uongo. Nilisema naomba adhabu iwe yangu, tawi lisifungwe kwa sababu yangu. Nilikuwa nalia, na sioni haya kuwaambia.

Mama Nduku alikuwa ametufuata nje, pekupeku. "Baba Askofu," akasema, "watu nimewaleta mimi. Hakuna aliyelazimishwa. Walikuwa hawana pa kwenda, nami nilikuwa sina. Ukitufunga, Krismasi ijayo tutakwenda wapi?"

Nilihesabu mipigo ya ngoma ndani ya banda. Hatimaye askofu akasema, "Kabla ya kuja kwenu nimepita kanisa mama. Mnajua nimekuta nani? Mchungaji, mkewe, na mpiga kinanda. Na mpiga kinanda alikuwa anaangalia saa, basi lake linaondoka saa tano." Akajifuta jasho. "Sasa nikiwaunganisha ninyi na wao, nitawaunganisha na nani?"

Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani naye analia. Kumbe yule mzee alikuwa anacheka, na alicheka mpaka ikabidi akae juu ya viatu vya watu. Alisema tangu apewe uaskofu hajala Krismasi moja na mkewe, kila mwaka yuko kazini kama Wekesa, na hakuna mwaka uliompa kwaya ya kuruka.

Lakini hakuniachilia hivi hivi. Alinirudisha ndani, akanisimamisha mbele ya wote nikiwa na soksi, nikaomba msamaha kwa kusema ndugu zetu ni kwaya. Mzee Yona akasema wamesamehe, ngoma ikapigwa, na wale wazee wa makao makuu, ambao hawakuelewa lolote, wakaitikia kwa furaha kuliko wote. Baadaye askofu akamwonya na Mzee Yona kidogo, kwa kuwa alikuwa karibu. Kiwanja tulikipata. Kilichelewa, kilikuwa na mawe, na vijana wa ndondi ndio waliotusaidia kuyaondoa.

Mwezi wa Januari watu walirudi na mahindi, mihogo na kuku waliofungwa miguu. Bwana Mutiso aliniletea jogoo, akaniambia ni wa amani. Jumapili ya kwanza ukumbi ulijaa yale maswali ya kila Januari, nani alikwenda ushago kijijini, mvua ikoje, shangazi amepona. Yule msichana wa sauti ya kwanza akamkumbatia Mama Nduku kwa nguvu. Nilikuwa nimesimama karibu, jogoo akininyea suti.

"Niaje, Mama! Na wewe Krisi ulienda wapi?"

Mama Nduku alikuwa akipanga viti. Hakuacha kupanga.

"Sikwenda mahali," akasema. "Nilikuwa nyumbani."